Mwendo wa Bi Mwanarehema

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili lina mistari, halifai kuchorea. Nililitoa kabatini ofisini nikidhani kurasa zake ni tupu, na sasa kulirudisha naona haya. Basi nitaandika ndani yake.

Mvua imeanza leo, si ya kutisha, ya kulowesha mabega tu. Nilifika kazini Nyali nimechelewa nikamkuta Barakat ameshawakusanya wenzangu. Barakat ndiye mwenye ofisi. Babu yake na babake waliuza vitambaa. Yeye anauza katuni. Tuko wachoraji watano, tunawachorea watu wa nje, na kwa kawaida hutupatia vijisehemu tu: mkono, mti, watu wanaopita nyuma. Safari hii kuna Wamarekani wametupatia kazi nzima.

"Nyote mwaijua ile katuni ya Kijapani," Barakat alisema. "Watoto wanazunguka nchi wakikamata madubwana, wanayafungia ndani ya mipira, kisha wanayapiganisha."

Nani asiyeijua. Mwenzetu Gershom alijifunza kuchora kwa kuiga kadi zake, anazo mpaka leo ndani ya bati la biskuti.

"Basi hawa wanaifanyia mzaha. Ni katuni ya watu wazima. Watoto ni wachoyo, madubwana yamechoka, yanataka kulala tu."

Akatuonyesha mizaha mingine waliyokwisha kuifanya Wazungu juu ya katuni hiyo hiyo. Ni mingi. Zaidi ya miaka ishirini wanaicheka na hawajachoka. Kichekesho karibu kila mara ni kile kile, kwamba dubwana halijui kusema lolote ila jina lake. Likipigwa lataja jina lake. Likifa lataja jina lake. Sote tulicheka, isipokuwa Gershom. Nilimwona mtu wa kujisikia.

Kila mmoja wetu achore madubwana manane kabla ya Ijumaa. Yawe mabaya, lakini mtu akiyatazama ayaonee huruma kidogo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechora manne. Barakat ameyarudisha yote. Alisema amekwisha kuyaona mahali.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelipata.

Asubuhi nilikuwa kibarazani kwa Bi Mwanarehema, jirani yangu wa mkabala. Huuza mahamri na mbaazi za nazi, na watu wa kichochoro chetu chote hapa Kisauni hupitia kwake kabla ya kwenda makazini. Ana miaka sitini na kitu. Ana rovu shingoni, uvimbe mkubwa kama danzi, na mguu mmoja aliuvunja utotoni ukaungwa vibaya. Akishuka zile ngazi tatu za nyumba yake na sufuria mkononi, mwili mzima hulala kushoto, hungoja, mkono mmoja hupanda kushika rovu kama mtu ashikaye mtoto asianguke, kisha mwili huinuka na kwenda ngazi ya pili. Nimemwona akishuka hivyo miaka miwili. Leo ndiyo mara ya kwanza niliyomtazama hasa. Chai ikapoa.

Ofisini haikunichukua hata dakika kumi. Nililipa dubwana langu magamba, pembe mbili na mkia, na uvimbe shingoni. Lakini nilipolifanya lishuke ngazi, Barakat alikuja akasimama nyuma yangu akacheka bila sauti mpaka akaketi.

Gershom naye alikuja kutazama. "Umelitoa wapi?"

"Kichwani."

"Pembe zimetoka kichwani," alisema. "Huo mwendo hapana."

Yeye alikuwa amechora kaa watatu na jongoo, tena wa kawaida tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Katika madubwana arobaini Wamarekani wamelipenda langu kuliko yote. Wamelipa jina Golombo. Litakuwa katika kila kipindi.

Jumamosi, 19 Aprili

"Dama! Ndoo ule, mwanangu, mahamri yasije yakapoa."

Sauti ya Bi Mwanarehema huvuka kichochoro, huvuka mvua na jenereta ya duka la simu, huingia chumbani kwangu kupitia dirisha lililofungwa. Wakati wa harusi humwita kuimba mpaka Likoni. Mamangu aliko kule Kaloleni hajapata kuniita kwa sauti namna hiyo, yenye furaha kwamba nipo.

Siku hizi nakaa kwake zaidi. Yanipasa kulichora Golombo likiketi, likila, likipanda, likikasirika. Wenye kazi wanataka mengi. Basi nakaa, namtazama Bi akiketi, akila, akipanda. Nimejua kwamba kabla ya kuinuka hupumua mara mbili. Nimejua akikasirika hugeuka bega kwanza, shingo hufuata baadaye.

Leo aliniambia, "Watu wa rika lako hawakai na wakongwe. Wewe wanipenda."

"Nakupenda, Bi."

Si uongo. Lakini wakati nikisema hivyo nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Anaishi na Shaza, mjukuu wa dada yake, anayesoma chuo. Binti wa simu yule. Humwona bibi ameinama juu ya karai la mafuta naye kichwa hakiinui.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Malori ya mawe kutoka machimboni Mwakirunge yameichimba barabara, nimefika kazini viatu mkononi.

Ijumaa, 9 Mei

Kipande cha kwanza kimetoka leo. Nusu dakika tu: mtoto mchoyo anamwamuru Golombo apande ngazi akapigane. Golombo anapanda. Analala kushoto, anangoja, anashika shingo, anainuka. Kila ngazi anasema jina lake kwa uchovu. Akifika juu anagundua si jengo lile aliloamriwa.

Jumanne, 13 Mei

Kimesambaa kuliko tulivyotarajia. Watu wanakiweka kwenye simu zao na kuandika, "Mimi nikienda kazini Jumatatu." Askari wa mlangoni pale Nyali anacho. Dadangu Selpher wa Mikindani amenitumia mimi, bila kujua. Nilifurahi. Daftari hili halisomwi na mtu, sina sababu ya kudanganya ndani yake. Nilifurahi sana.

Jumapili, 18 Mei

Nilitoka kanisani saa sita nikakuta vijana wamelizingira duka la simu la pale kona, wanacheka. Duka ni la Ihsan, kijana wa miaka ishirini na mbili, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Nikachungulia.

Amempiga Bi Mwanarehema picha ya video kutoka nyuma, akipanda ngazi za nyumba yake na ndoo ya maji. Kando yake ameliweka Golombo likipanda. Vyote viwili vinaenda pamoja, bega kwa bega, pumzi kwa pumzi, na chini yake ameutia wimbo wa harusi. Hakuna mahali vilipopishana. Mkono wa Bi ulipopanda shingoni, mkono wa Golombo ulipanda shingoni.

"Dada Dama, mwone Bi amefika Marekani," Ihsan alisema.

Nilimwambia ni utovu wa adabu. Nilisema kwa ukali, na nikasikia vizuri kwa kuwa nimesema.

Jioni watoto walipita mbele ya kibaraza wakicheza mvuani, wakalala kushoto, wakashika shingo zao. "Go-lo-mbo." Bi Mwanarehema akacheka nao. Hakujua ni nini. Akamwuliza Shaza, na nikamwona Shaza akiitia simu mfukoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kumshika bibi mkono aingie ndani.

Jumatatu, 19 Mei

Kibaraza kimefungwa. Watu wamekunywa chai kavu.

Jumanne, 20 Mei

Kimefungwa. Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

Jumatano, 21 Mei

Mzee Mwinyihaji, babake Ihsan, amemleta mwanawe kwa Bi Mwanarehema baada ya alasiri, na sahani ya halua. Bi alituma niitwe. Alisema ataka na yeye awe na mtu upande wake. Tulikaa ukumbini mkekani, Bi amejifunika leso mpaka kidevuni, ingawa joto lilikuwa la kuvunja mbavu. Shaza alisimama mlangoni amefunga mikono.

"Sema," Mwinyihaji alimwambia mwanawe.

Ihsan alipiga magoti. "Nisamehe, Bi. Niliona vyafanana, nikacheka, nikatia mtandaoni. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nimefuta."

"Umefuta yako," Shaza alisema. "Na za wale waliochukua kwako?"

Ihsan aliinamisha kichwa. Kisha akasema, taratibu, "Lakini wallahi, lile dubwana sikulichora mimi. Yuko aliyelichora. Mimi niliona tu."

Bi Mwanarehema alifikiri juu ya neno hilo. "Mimi sijapata kufika hata Voi," alisema. "Huko Marekani wamenijulia wapi?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Mungu huumba wawili wawili," alisema Mwinyihaji.

Bi alinigeukia mimi, bega kwanza, shingo baadaye. "Dama, wewe wafanya kazi ya kompyuta." Ndivyo nilivyomwambia, yeye na kichochoro kizima, kama nilivyomwambia mamangu, kwa sababu nikisema nachora huulizwa nilifeli mtihani gani. "Hebu niambie, mwanangu. Yawezekana mtu wa huko amchore mtu wa hapa asiyemjua?"

Nilisema, "Huenda imetokea tu, Bi."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nayaandika yalivyo.

Bi alimwambia Ihsan ainuke, amemsamehe. Akaitisha kisu, akakata halua, kipande cha kwanza akampa Ihsan. Cha pili alinipa mimi. Nilikila chote.

Ijumaa, 23 Mei

Nilimwomba Barakat tuubadilishe mwendo wa Golombo. Nilisema umechosha, liburute mkia badala yake.

"Dama, mwendo ndio Golombo," alisema. "Ukiondoa mwendo kinabaki kinyago chenye pembe."

Alisema kwa upole. Barakat ni mtu mpole, hilo halijabadilika. Aliniambia wenye kazi wameomba vipindi kumi zaidi kwa sababu ya Golombo tu, na kwamba wachoraji wote watano tutakuwa na kazi mpaka mwakani. Akanipa meza ya dirishani.

Jumanne, 27 Mei

Nimekutana na Shaza bombani. Amekonda. Alisema Bi hatoki mchana. Akitaka kwenda choo cha nje humwuliza yeye Shaza kwanza kama kichochoro ki kitupu. Na sasa ameamua: ataka kukatwa rovu.

"Daktari alimwambia tangu zamani. Akawa akiogopa kisu miaka kumi na tano," Shaza alisema. "Sasa yeye ndiye anihimizaye mimi. Asema, mguu siwezi kuubadili, lakini hili laweza kuondoka."

Nikamwuliza kama ni hatari.

"Wasema si hatari. Wasema kila kitu kina hatari yake."

Alijaza ndoo akaibeba mwenyewe kichwani. Nilikuwa nimekosea juu yake. Zile saa zote alizoinamia simu, amenieleza, alikuwa akimtafutia bibi daktari.

Alhamisi, 29 Mei

Nililichora Golombo likilala. Gershom alikuja akaweka kiti karibu na changu.

"Ni jirani yako, sivyo?"

Ameiona video ya Ihsan. Nadhani Mombasa nzima imeiona. Nilisema ndiyo. Ni mtu wa kwanza kumwambia.

"Ndiyo maana nachora wadudu," alisema.

Nilidhani atanisuta. Hakunisuta. Alisema alipokuwa mtoto Changamwe aliyapenda yale madubwana ya Kijapani kwa sababu hayakufanana na mtu yeyote aliyemjua. Ukiwa na hasira na babako hakuna hata moja lenye uso wa babako. Kisha akaniuliza nitamwambia lini.

"Baada ya operesheni," nilisema. "Nisimtie presha."

"Haya," alisema. Akarudisha kiti chake mahali pake.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Kila mwaka Bi Mwanarehema huuacha mlango wazi na watu huingia na kutoka mpaka magharibi. Leo Shaza alipokea sahani za nyama mlangoni akasema bibi amepumzika.

Jumapili, 8 Juni

Mvua.

Jumatatu, 16 Juni

Kesho anakatwa. Nilikwenda kumwona hospitali jioni. Wamempa kitanda cha dirishani. Alikuwa mchangamfu, kwa namna ya mtu aliyejilazimisha. Alinishika mkono akasema nikitoka kazini kesho nipite nimletee habari za nje, nani amezaa, nani amegombana. Nilitaka kumwambia pale pale. Muuguzi akaja kumpima.

Jumanne, 17 Juni

Imekwenda salama, Shaza amesema. Imechukua saa tatu. Amelala.

Alhamisi, 19 Juni

Bi Mwanarehema hana sauti.

Jana walidhani ni koo limekauka. Leo daktari amewaita wakae chini. Nyuma ya rovu hupita mshipa mwembamba unaoendesha sauti, na rovu lake lilikuwa limeuzingira miaka mingi. Umeumia. Hutokea, daktari alisema, kwa watu wachache, bila kosa la mtu. Huenda sauti ikarudi baada ya miezi sita au mwaka. Huenda isirudi.

Nilifika nikamkuta ameketi, bandeji shingoni, shingo nyembamba nisiyoijua. Aliponiona alifungua mdomo kuniita. Nililiona jina langu midomoni mwake. Kilichotoka ni hewa, kama tairi linalovuja. Akajaribu tena. Kisha akaangalia dirishani.

Jumatano, 25 Juni

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mvua zimeanza kupungua. Kichochoro kinanuka matope na maji ya choo.

Jumapili, 29 Juni

Watoto hawasemi tena Golombo. Wamepata kitu kingine, wimbo sijui wa nani. Wiki sita tu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwambia.

Nilikwenda baada ya chai ya asubuhi ili nisipate kisingizio cha giza wala cha haraka. Bi alikuwa kitandani ameegemea mto, Shaza anamchana nywele. Siku hizi Bi akitaka kusema humvuta Shaza sikio, naye hutamka kwa sauti. Basi nilijua nitajibiwa na Shaza.

Niliketi sakafuni. Nilisema, "Bi, mimi sifanyi kazi ya kompyuta. Mimi ni mchoraji. Lile dubwana nililichora mimi."

Chanuo likasimama nyweleni.

Nilieleza yote. Ile asubuhi chai ilipopoa. Pembe na mkia. Meza ya dirishani. Nilisema nilipokuwa nakaa kibarazani nilikuwa nikitazama anavyoinuka na anavyopumua. Nilisema hata siku ile ya halua niliyajua yote.

Bi Mwanarehema hakulia wala hakukunja uso. Alimvuta Shaza. Shaza alisikiliza, na alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Asema umwonyeshe."

Ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kuliona. Watu walimtajia jina tu, na yeye akajifungia ndani kwa ajili ya jina. Nilimpa simu yangu. Alitazama kile kipande cha ngazi mara ya kwanza, akakirudisha, akatazama tena, na mara ya tatu. Chumba kizima kilikuwa kikisema golombo, golombo, golombo.

Alinong'ona.

"Auliza, hizi pembe ni za nini."

"Ni pambo tu, Bi."

Alinong'ona.

"Auliza, lake limekwisha kukatwa. Je, la huyu nalo mtalikata?"

"Haliko mikononi mwangu," nilisema. "Niliomba hata mwendo tu ubadilishwe. Walikataa."

Akanirudishia simu, kioo kikiwa chini. Nilimwambia anisamehe. Nililisema mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza halikutoka vizuri. Bi alimvuta Shaza akanong'ona muda mrefu, akipumzika katikati, na Shaza akawa anatikisa kichwa kama asiyetaka kuyabeba maneno hayo. Lakini aliyabeba.

"Asema, Ihsan alimtazama mara moja, tena kwa nyuma. Wewe ulimkalia mbele miezi." Shaza aliliweka chanuo chini. "Asema kila asubuhi alikuwa akikutengea yale mahamri yaliyofura vizuri. Alidhani waja kumwangalia. Kumbe waja kumtazama."

Bi alikuwa amefumba macho. Kisha midomo ikasema neno fupi ambalo hata mimi nililiona, lakini Shaza alilitamka, kwa sababu ndiyo kazi yake sasa.

"Asema usije tena."

Nilitoka. Kwenye ngazi zile tatu nilishika ukuta.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeacha kazi. Barakat alinisihi nipumzike wiki mbili nirudi. Gershom ndiye atakayelichora Golombo. Nilimkasirikia, mpaka alipoeleza. Alisema atakuwa akiunyoosha mwendo kidogo kidogo, kila kipindi unywele mmoja, mpaka siku moja litembee kama kitu kingine na hakuna atakayekumbuka.

Jumanne, 22 Julai

Gershom amepiga simu. Wamarekani wamegundua. Wamemrudishia vipindi viwili na michoro yangu ya mwanzo kama kielelezo.

Ijumaa, 25 Julai

Kibaraza kimefunguliwa. Shaza ndiye anayekaanga. Nimenusa iliki tangu saa kumi na mbili. Watu wamerudi, hata Ihsan, na kila mtu alisimama akala pale pale kama zamani. Nilichemsha chai yangu ndani.

Saa nne nilimwona Bi Mwanarehema akitoka. Nilikuwa nyuma ya pazia. Alikuja mpaka ukingo wa ngazi akasimama. Alishusha mguu mzima, akauleta ule mbovu kando yake, akatulia, mgongo umenyooka kama mtu aliyebeba sahani kichwani. Hakulala kushoto. Mkono ulianza kupanda shingoni, akaukamata kwa mkono wa pili akaushusha. Ngazi ya pili vile vile. Jasho lilikuwa likimtoka. Shaza alimwangalia tu. Nadhani wamekuwa wakifanya mazoezi.

Amejifunza kutembea upya akiwa na miaka sitini na kitu. Ule mwendo wake sasa haupo duniani, isipokuwa kule nilikoupeleka.

Jumamosi, 2 Agosti

Nahamia Mikindani kwa Selpher. Kuna mtu anahitaji mchoraji wa mabango ya maduka, herufi na chupa za soda. Nimekubali.

Mkokoteni ulikuja saa tatu. Godoro, jiko, mabeseni, bahasha ya karatasi. Jua kali, matope yamekauka yakapasuka. Kibarazani kulikuwa na watu, na Bi Mwanarehema ameketi kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani tu, shingo wazi, kovu limeanza kuwa jeupe.

Nilikuwa nimekusudia kupita upande wa pili nikiangalia chini. Lakini mtu hapiti mbele ya mkubwa wake kama mbuzi. Nilisimama katikati ya kichochoro, godoro likanipita.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

Watu waliokuwa wakila waligeuka kututazama. Wanajua sisi wawili tulikuwa kitu kimoja na sasa si kitu kimoja, sababu hawaijui. Shaza hakuwaambia.

Shikamoo haiachwi chini. Hata adui huitikiwa. Bi aliniangalia, muda wa mtu kuhesabu mpaka tano, na nikaona midomo yake ikitikisika. Huenda ni marahaba. Huenda ni neno lingine. Shaza alikuwa ameinamia karai, hakuwa karibu naye anitamkie, na sauti ya Bi Mwanarehema siku hizi haivuki kichochoro.

Nilingoja kidogo. Mwenye mkokoteni akaniita, nikaufuata.